Shimo Aliloliona Wembe

Watu walimwita Wembe, na yeye mwenyewe hakukumbuka nani alianza. Alikuwa kinyozi. Chumba chake kilikuwa cha viti viwili, vioo ukutani pande zote mbili, mteja akikaa anaona uso wake na kisogo chake kwa wakati mmoja, na redio ya zamani iliyofungwa kwa mpira juu ya kabati la taulo. Kazi hiyo ilimwoza mke na kumsomeshea mabinti wawili. Mdomo wake ulifanya nusu ya kazi. Mtu aliingia kukata nywele akatoka na habari za mtaa mzima.

Alipofika miaka hamsini na mbili, pumzi ikaanza kumsaliti. Alikaa ghorofa ya tatu, na kila jioni alisimama ghorofa ya pili akijifanya anatafuta funguo. Mkewe aliuza dawa kwenye famasia ya jirani, kwa hiyo hakudanganyika. Alimpima presha mara tatu kwa siku moja, akamfungua ule mkanda mkononi, akasema, "Baba watoto, itafutie hiyo miguu kazi kabla hujanifanya mjane."

Ndipo Wembe akanunua baiskeli ya mtumba yenye gia kumi na nne, saba kati yake zikifanya kazi, akajiunga na klabu.

Klabu ilikutana kila Jumapili asubuhi kwenye kituo cha mafuta, karibu na bomba la kujazia upepo. Walikuja thelathini, wakati mwingine hamsini. Kiongozi wao alikuwa mkunga wa hospitali waliyemwita Kapteni, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni, aliyezoea tangu ujana wake kuwaambia watu wazima lini wasukume na lini wapumzike. Hakuna aliyebishana naye.

Wembe alidhani kuendesha baiskeli ni kuendesha baiskeli. Kumbe kwenda peke yako ni jambo moja, na kwenda katikati ya watu arobaini ni jambo lingine kabisa. Walikwenda mistari miwili, bega kwa bega, gurudumu lako la mbele likiwa hatua moja tu kutoka gurudumu la mwenzako. Ukishika breki ghafla, umewaangusha kumi. Ukiyumba kidogo, umemgusa wa pembeni. Wa mbele wakipunguza mwendo kidogo tu, wa nyuma wanakaribia kupandana; wa mbele wakiongeza kidogo, wa nyuma wanakimbizana kama wameibiwa. Na kubwa kuliko yote, huoni barabara. Unaona mgongo. Kwa hiyo kila aliyeona shimo alinyoosha mkono chini kulionyesha na kupaza sauti, "Shimo!", na wa nyuma yake akafanya vivyo hivyo, hadi wa mwisho.

"Aliye nyuma yako hana macho," Kapteni aliwakumbusha kila Jumapili kabla ya kupuliza filimbi. "Wewe ndiye macho yake."

Wiki ya tatu Wembe aliachwa mlimani. Kundi lilimpotea mbele kabisa, akarudi mjini nyuma ya gari la mzigo, amekaa juu ya kabichi na baiskeli yake mapajani. Mtu mmoja akampiga picha akishuka. Jioni ile picha ilikuwa kwenye grupu la klabu, na maneno chini yake: "Wembe na kabichi wenzake." Alicheka nao. Dukani aliisimulia mwenyewe, wateja wakavunjika mbavu. Lakini usiku aliifungua ile picha mara mbili tatu, akaitazama, na akajiapia kwamba hataachwa tena hata moyo upasuke.

Jumapili ya tukio walikuwa arobaini na watatu. Wembe alijipenyeza katikati ya mstari wa kushoto, nyuma ya mchomeleaji vyuma waliyemwita Cheche. Cheche alikuwa mrefu, mpole, na miaka thelathini ya nyundo na mashine za kukata chuma ilikuwa imemla masikio. Aliongea kwa kelele kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Wengine walikwepa kukaa karibu naye, wakisema asiyesikia ni hatari. Wembe alijua vingine. Kwa kuwa hakusikia sauti za wenzake, Cheche hakuzingojea. Macho yake hayakutoka barabarani, na kwa mkono tu, bila kuita, alionyesha kila shimo, kila kokoto, hata ufa wa lami.

Nyuma ya Wembe alikuwepo Mama Pacha, mshonaji wa mapazia, ambaye hakuacha kuzungumza hata kwenye kilima.

Walipopita matanuri ya matofali barabara ikaanza kuteremka, na wa mbele wakaachia mwendo, upepo ukizima sauti zao. Wembe tayari alikuwa hoi. Alikuwa ameng'ang'ania usukani kwa mikono miwili, mdomo wazi, akijitahidi kuhema taratibu ili Mama Pacha asimsikie. Ndipo akauona mkono wa kushoto wa Cheche ukishuka. Kidole kikaonyesha chini, kikatikiswa mara mbili.

Aliona vizuri sana. Baadaye, alipojaribu kujiambia kwamba hakuona, mkono ule ulimrudia na glavu yake ya ngozi iliyoungua kwenye kidole gumba.

Akawaza: nikiachia usukani nitayumba. Nikiita, watasikia kwamba sina pumzi. Hayo yote yalipita kwa muda wa kupepesa jicho. Akauvuta usukani kidogo kulia, shimo likapita pembeni mwa tairi lake, pana kama beseni.

Kilichofuata alikisikia tu. Tairi likapasuka. Vyuma vikaburuzika juu ya lami. Sauti ya mwanamke ikaanza na kukatika katikati.

Walianguka watatu. Wanaume wawili walichubuka magoti na viwiko, wakainuka wenyewe. Mama Pacha alibaki amekaa barabarani, ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, na kiganja chake kilikuwa kimekaa mahali ambapo kiganja hakikai. Kapteni akaufunga ule mkono kwenye pampu ya baiskeli kwa mtandio, akasimamisha gari, akampakia. Kisha akageuka.

"Nani alikuwa mbele yake?"

"Mimi," Wembe akasema.

"Ulipewa ishara?"

Alipata muda wa kutosha kusema kweli. Si kwamba aliulizwa kwa kushtukizwa. Akatazama ile lami.

"Hapana."

Macho yote yakamgeukia Cheche, aliyekuwa ametega mkono sikioni. "Anasemaje?"

Mtu mmoja akamsogelea na kupiga kelele, "Wembe anasema hukuonyesha shimo!"

Cheche akautazama mkono wake wa kushoto. Akaugeuza, akatazama na kiganja. "Nilidhani nimeonyesha," akasema, kwa sauti yake ile kubwa. "Jamani, mimi nilidhani nimeonyesha."

Wembe aliinama akajifanya anakagua spoki.

Kabla hawajafika mjini, grupu lilikuwa limewaka moto. "Tulisema zamani." "Asiyesikia akae nyuma." "Leo mkono, kesho jeneza." Kapteni aliandika kwamba kuanzia sasa, mpaka atakapoamua vingine, Cheche atakuwa mtu wa mwisho kabisa kwenye mstari. Cheche alijibu neno moja: "Sawa."

Wiki ile wateja walishangaa. Kinyozi alikuwa ameongeza sauti ya redio na kupunguza yake. Aliyeuliza habari za ajali alijibiwa "Mambo ya barabarani hayo," na mmoja alirudi kulalamika kwamba ndevu zake upande mmoja zimeanzia juu kuliko mwingine.

Jumatano alichukua mfuko wa machungwa akaenda kumwona Mama Pacha. Alimkuta sebuleni, plasta kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, katikati ya marundo ya kitambaa cha rangi ya kahawia. Alikuwa amepokea kazi ya mapazia ya ukumbi wa shule, madirisha ishirini na mawili. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Mabinti zake pacha, wa miaka kumi na saba, walikuwa sakafuni wakibana pini na kununiana.

"Wiki sita," Mama Pacha akasema, akiinua plasta. "Na hawa wanangu wanashona kama wanaokimbizwa na mbwa. Kaa, shemeji. Sogeza hicho kitambaa."

Akakaa.

"Cheche alikuja jana," akaendelea. "Alikaa hapo hapo ulipokaa. Shemeji, alilia. Mwanamume mzima na mabega yale. Nilimkasirikia sana, sikufichi, lakini nilipomwona vile nikakosa la kusema."

Wembe akainuka. Alisema amewaacha watu dukani. Hakukuwa na mtu dukani.

Ijumaa, Cheche akaja kunyoa kama alivyofanya kila wiki ya pili. Walikuwepo wateja wawili wakingoja kwenye benchi. Wembe akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine. Hakujua atazame wapi, kwa sababu kila ukuta ulikuwa na uso wa Cheche.

"Nimekwenda kupimwa masikio!" Cheche akasema, benchi zima likasikia. "La kushoto limekufa. La kulia nalo linaaga."

"Pole," Wembe akasema.

"Eeh?"

"Pole sana!"

"Masikio si kitu. Nilishayazoea. Kinachonitisha ni kingine." Cheche alikitazama kioo, akamtafuta Wembe machoni. "Kama niliweza kudhani nimenyoosha mkono na kumbe sikuunyoosha, basi kichwa ndicho kinaondoka. Nimemwambia msimamizi anitoe kwenye mashine ya kukata. Mtu asiyejua mkono wake umefanya nini, pale si pake. Atamkata mwenzake."

Wembe alikuwa ameshika wembe nyuma ya shingo yake. Akausogeza mbali, akaufuta kwa taulo ingawa ulikuwa safi.

"Na wewe nisamehe," Cheche akasema. "Ungeweza kuanguka wewe. Ulikuwa nyuma yangu kabisa."

Pale palikuwa mlango wazi, na Wembe hakupita. Alipangusa nywele begani mwa Cheche, akafungua kitambaa, akasema leo hapokei malipo. Na Cheche akamshukuru. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru kwa kelele, mpaka wale wa kwenye benchi wakatikisa vichwa kwa kuguswa na wema wa kinyozi.

Alifunga duka mapema. Alimkuta mkewe jikoni akiosha vyombo, akamweleza akiwa amesimama mlangoni, viatu miguuni. Alieleza mambo yote, na glavu iliyoungua pia. Mkewe hakugeuka.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Mimi sikuvunjika mkono."

"Mama watoto, nitawatazamaje watu wale?"

"Kwani sasa hivi unawatazamaje?" Akafunga bomba. Kisha akasema polepole, "Kila anayekuja famasia namwambia mume wangu amebadilika. Presha imeshuka, amekuwa mtu mwingine. Najisifu, unajua? Najisifu kwa ajili yako." Akachukua taulo akajifuta mikono, akapita kando yake bila kumgusa.

Asubuhi ya Jumamosi Wembe akapanda baiskeli mpaka karakana ya vyuma. Njiani alipanga maneno ya upole, ya chini kwa chini, ya watu wawili tu. Hakufikiria kuhusu kelele. Karakana ilikuwa banda la mabati, mafundi saba, milango ya chuma imeegemezwa kila mahali, na mashine zikipiga mayowe. Cheche hakuwa na barakoa ya kuchomelea wala glavu. Alikuwa pembeni, na brashi na kopo, akipaka rangi geti.

"Cheche, nina neno nawe."

"Eeh?"

"Nina neno nawe!"

"Sema kwa nguvu! Hili la kulia, huku!"

Wembe akatazama nyuma, akatazama mlango. Ilikuwa ama kupiga kelele ama kuondoka. Akavuta pumzi.

"Ulionyesha!" akapaza sauti. "Lile shimo ulilionyesha! Niliona mkono wako! Nilisema uongo!"

Mashine ya kwanza ikanyamaza. Kisha ya pili. Mafundi wakainua barakoa zao mmoja mmoja, na yeye, kwa kuwa Cheche alikuwa bado amekunja uso akitega sikio, ilimbidi arudie yote kwa sauti ile ile, banda likiwa kimya.

Cheche akalaza brashi juu ya kopo.

"Nilionyesha?"

"Mara mbili. Mkono wa kushoto."

"Nilionyesha!" Akamgeukia msimamizi, uso umemng'aa kama mtu aliyesomewa majibu mazuri ya hospitali. "Mzee, umesikia? Nilionyesha mimi!" Alicheka, akapiga paja. Kisha kicheko kikafifia taratibu, akamrudia Wembe. "Sasa kwa nini?"

"Sikuwa na pumzi. Niliona aibu watu wajue."

"Wajue nini?"

"Kwamba nimechoka."

Cheche akapangusa rangi vidoleni kwa kitambaa. Alipoongea tena, kwa mara ya kwanza tangu Wembe amjue, sauti yake ilikuwa ndogo. "Wiki nzima mke wangu haniachi niwashe jiko peke yangu. Ananifuata chumba hadi chumba. Na jana ulininyoa."

"Ndiyo."

"Nikakueleza haya yote, ukanisikiliza."

"Ndiyo."

"Kesho utasema mbele ya watu wote. Si kwenye simu. Kwa mdomo." Akaokota brashi. "Sasa niondokee, Wembe. Niondokee kabla sijakushika."

Jumapili walikuwa wengi kuliko kawaida, ila Cheche hakuja. Wembe alisimama kando ya bomba la upepo, kofia mkononi, akasema. Sauti ilimpasuka katikati, akaanza upya. Alikuwa amejiandaa kuzomewa, lakini hakuna aliyemzomea. Walitazama pembeni. Mmoja alikaza mkanda wa kofia uliokuwa umeshakazwa. Aliyeandika "Asiyesikia akae nyuma" alikuwa akisoma bei za mafuta kana kwamba ni mara yake ya kwanza kuziona. Ukimya ule ulimwingia Wembe mpaka mifupani, na akatamani wangemtukana.

"Kosa ni lake," Kapteni akasema hatimaye. "Lakini sisi tulilipokea neno lake upesi mno, na mimi wa kwanza, maana lilitufaa. Nitakwenda kwa Cheche mwenyewe leo." Akamgeukia Wembe. "Wewe utakaa nyuma kabisa, mahali ambapo hakuna anayetegemea macho yako. Na kila ukichoka, utapaza sauti, 'Nimechoka!' Nataka nikusikie nikiwa mbele."

Mchana alikwenda kwa Mama Pacha. Yeye hakukaa kimya.

"Wiki nzima!" akafoka, plasta ikipepea hewani. "Wiki nzima nimemchukia mtu asiye na hatia, na wewe unaniletea machungwa! Tena tukayala!" Alifoka mpaka akakohoa. Kisha akamtazama mikono yake, akamtupia mkasi wa kukatia vitambaa. "Kinyozi, si ndiyo? Basi kata. Mita mbili na nusu, vipande arobaini na vinne. Ukipinda hata kidole, unarudia."

Alikata. Kwa wiki tano, kila jioni baada ya kufunga duka, alipiga magoti sebuleni kwa Mama Pacha akikata, akipinda, akipiga pasi, pacha wakicheka kwamba mistari yake imenyooka kuliko ya mama yao. Wiki ya kwanza Mama Pacha hakumwambia kitu isipokuwa vipimo. Ya tatu akaanza kumsimulia mambo ya majirani. Mkono wake ulipona, lakini kiganja hakigeuki chote tena. Siku hizi anasukuma kitambaa kwa kiwiko, na Wembe akiona vile huangalia kwingine.

Cheche alirudi kwenye mashine Jumatatu ile ile, na kwenye klabu baada ya mwezi. Sasa watu hugombania kukaa nyuma yake. Wembe yuko mkiani. Miezi ya mwanzo neno "Nimechoka" lilimtoka kama jino, na kila alipolisema masikio yalimwaka moto hata kwenye baridi ya asubuhi. Wenzake hulipeleka mbele, mtu kwa mtu, mpaka kwa Kapteni, na kundi hupunguza mwendo. Wakati mwingine Cheche huona wengine wakilegeza miguu, akageuka kutazama kuna nini. Akimwona ni nani, hugeuza shingo mbele.

Cheche hajarudi kwenye kiti cha Wembe cha kunyolea. Wakikutana barabarani hutikisiana vichwa, basi.

Juzi mteja mmoja mpya, aliyehamia mtaani hivi karibuni, aliuliza yule fundi mrefu mwenye kelele ananyolewa wapi, maana amesikia zamani alikuwa wa hapa. Wembe akazima mashine. Alimweleza tangu mwanzo, hakuruka kitu, akimtazama kwenye kioo muda wote. Yule mteja alingoja amaliziwe upande uliobaki, akavaa kofia yake juu ya nywele mpya, akatoka. Wembe akafagia sakafu. Hajui kama mtu yule atarudi.